Nauli ya Ndege na Bei ya Nyumba

Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Amerika ya Kati kikaua zaidi ya watu 10,000, wengi wao Honduras, ambako mafuriko na maporomoko ya udongo yalifuta mitaa mizima. Baada ya hapo vilianza kuwasili vikundi vya makanisa kutoka Marekani na Kanada, vikaja kujitolea kuwajengea nyumba waliobaki bila kitu. Nawaheshimu watu hao. Kujilipia nauli ukakoroge saruji juani ugenini, likizo yako yote ikaishia hapo, si jambo dogo. Lakini kazi yao ina hesabu, na hesabu hiyo inatuhusu hata sisi, maana vikundi vya namna hiyo hushuka pia Kilimanjaro na Entebbe.

Kurt Ver Beek, mwanasosholojia wa Kimarekani aliyeishi Honduras miaka mingi, aliipiga hesabu hiyo. Nyumba iliyojengwa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Kikundi cha wageni, ukijumlisha nauli, malazi na chakula, kilitumia kama dola 30,000 mpaka nyumba moja isimame. Kwa fedha hizo zingepatikana nyumba 15. Alipozihoji familia zilizojengewa na wageni na zile zilizojengewa na Wahondurasi wenzao, hakuona tofauti ya maana katika maisha yao. Kilichowafaa ni nyumba, hata iwe imejengwa na nani.

Sehemu kubwa ya pengo hilo ni safari yenyewe. Sehemu nyingine inaonekana pale pale kwenye ukuta. Fundi mwashi huanza na kona, anazisimamisha kwa timazi na pimamaji, kisha anavuta kamba kutoka kona hadi kona, na kila tofali la katikati linalazwa kwa kuifuata kamba hiyo. Saruji ikizidi maji, tofali linateleza. Ikikauka mno, haishiki. Mkono uliozoea unajua kwa uzito wa mwiko tu. Mgeni wa siku ya kwanza akimaliza kozi moja, fundi anarudi nyuma yake kung'oa matofali mawili matatu kabla saruji haijakaza. Fundi amegeuka mwalimu, na kazi imepungua kasi. Kibarua ambaye angelipwa kubeba matofali na kuchota mchanga naye amekaa kando, kwa kuwa kazi yake inafanywa bure. Baada ya maafa, ujira huo ndio unaonunua chakula cha jioni. Hili linaniuma kuliko hata zile dola 30,000.

Kujenga kwa kujitolea kunaweza kupangwa vingine. Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara wa Alabama, milionea kabla hajafika miaka 30, ambaye yeye na mkewe Linda waligawa mali yao. Katika shamba la Koinonia, jimbo la Georgia, wakiwa na mhubiri Clarence Jordan, walibuni mpango wa nyumba za maskini: nyumba iuzwe bila faida, mkopo usiwe na riba, na marejesho ya familia moja yajenge nyumba ya familia inayofuata, kama upatu unavyozunguka. Mwaka 1973 akina Fuller walihamia Mbandaka, kwenye kingo za Mto Kongo, wakaujaribu huko kwa miaka mitatu. Waliporudi, mwaka 1976, wakaanzisha Habitat for Humanity. Familia inayopata nyumba hutoa pia jasho lake, kwa kufanya kazi kwenye ujenzi. Aliyejitolea alikuwa msaidizi. Kilichosukuma mpango mbele ni mkopo unaorudi.

Jimmy Carter, rais mstaafu wa Marekani, alipojiunga na Habitat mwaka 1984, akaenda na mkewe Rosalynn kukarabati jengo bovu huko New York, alikuwa seremala kweli, na nyundo aliijua. Hata hivyo thamani yake kubwa ilikuwa kamera zilizomfuata. Rais mstaafu akipiga misumari, watu walifungua pochi.

Hapo ndipo penye hoja nzito ya wanaotetea safari hizi: aliyekwenda hurudi kwao amebadilika, na huchangia zaidi maisha yake yote. Ver Beek aliipima nayo. Wengi waliosafiri walimwambia kwamba wanatoa zaidi kuliko zamani. Kumbukumbu za michango za shirika lililowapeleka zilionyesha kuwa wengi hawakuongeza chochote. Siamini kwamba walidanganya. Moyo uliwaka kweli, ila nyumbani hakukuwa na mtu wa kuukumbusha, na ndiyo maana Ver Beek mwenyewe hakutaka safari zikomeshwe. Alitaka wasafiri wafuatiliwe wakisharudi.

Kuna kazi moja ambayo mgeni huiweza kuliko mwenyeji: kuwaendea watu wa kwao wenye uwezo na kuwaomba fedha, mwaka baada ya mwaka. Kikundi kinachokata tiketi leo kiiandike kazi hiyo kwenye mpango wake kabla ya jina la hoteli. Kiulize pia fundi na vibarua wanalipwa na nani, na kiwanja kina hati ya nani. Wengi waliosombwa na Mitch walikuwa wamejenga kwenye kingo za mito na miteremko kwa sababu ardhi salama hawakuwa nayo. Ukuta ulionyooka kwenye kiwanja kisicho na hati unaweza kumpatia nyumba mtu mwingine kabisa, na mjane aliyekabidhiwa ufunguo mbele ya wageni akajikuta tena anatafuta pa kulala.