Ukikaza springi ya shokapu, huifanyi kuwa ngumu

Tangu waandaaji wa mashindano ya pikipiki ya MotoGP watangaze kwamba kuanzia msimu wa 2027 vifaa vyote vya kushusha na kupandisha pikipiki ikiwa kwenye resi vitapigwa marufuku, maswali ya wasomaji yamekuwa mengi, na karibu yote yanaegemea imani ileile: kwamba pikipiki ikiwa chini hutulia, ikiwa juu huyumba, na kwamba anayetaka ishike kona vizuri hana la kufanya ila kukaza springi ya nyuma. Imani hiyo inachanganya vitu viwili ambavyo havina undugu, yaani kimo cha pikipiki na ugumu wa springi. Kimo ni suala la pembe: pikipiki imekaaje juu ya magurudumu yake, pua imeinama kiasi gani, uzito umesimama wapi. Ugumu ni tabia ya waya wa chuma. Anayeshindwa kuvitenganisha hupoteza muda wake akiwa kwenye resi, na akiwa kwenye bodaboda hulipa kwa kiuno chake.

Tuanze na springi, maana uongo mwingi huzaliwa hapo. Kwenye shokapu ya nyuma ya pikipiki ya resi kuna nati ya duara inayokandamiza springi kutoka juu. Ukiizungusha ishuke, springi inafupika hata kabla mtu hajapanda, na anayetazama husema papo hapo kwamba imekuwa ngumu. Haijawa. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko, na nati haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Chukua springi inayohitaji kilo 9 ili ifupike milimita 1, kiasi cha kawaida kwa pikipiki za aina hiyo. Tuseme pikipiki na dereva aliyekaa vinaigandamiza kwa kilo 270. Ili ibebe mzigo huo ni lazima ifupike milimita 30, si pungufu wala zaidi. Kama nati ilikwisha kuibana milimita 12, shokapu itazama 18 zilizobaki. Ukikaza hadi 15, shokapu itazama 15. Sasa pima springi yenyewe mara zote mbili, dereva akiwa juu: urefu wake ni uleule. Kazi yote ya spana haikuongeza hata chembe ya nguvu ndani ya ule waya. Kilichotokea ni kwamba shokapu imebaki ndefu kwa milimita 3, na kwa kuwa gurudumu la nyuma husafiri takriban mara mbili ya safari ya shokapu, mkia wa pikipiki umepanda kama milimita 6. Ukikutana na bonde au tuta, kila milimita inayofuata itadai kilo 9 vilevile. Nati ile ni jeki, na ingeitwa jeki tangu mwanzo watu wengi wangepona na upotoshaji.

Anayepinga atauliza: mbona nikikaza naihisi ngumu kabisa? Hisia yake ni ya kweli, ila chanzo anachokitaja sicho. Shokapu ina safari ya kushuka na safari ya kupanda. Pikipiki ikiwa na dereva huzama kidogo, na mzamo huo ndio akiba inayoliruhusu gurudumu kuufuata mpasuko wa lami likishuka ndani yake badala ya kuning'inia hewani. Ukikaza nati kupita kiasi unaila akiba hiyo. Shokapu inakaa karibu na mwisho wake wa juu, na kila gurudumu linapotaka kushuka linafika ukomo na kugonga chuma kwa chuma. Isitoshe, springi iliyokazwa mno haianzi kusogea mpaka isukumwe kwa nguvu kubwa, kwa hiyo vijitetemo vidogo vya barabara vinapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Mgongo unasema «ngumu», na kwa lugha ya mgongo ni sawa. Lakini fundi anayejibu malalamiko hayo kwa kununua springi laini anatibu ugonjwa usiokuwepo. Kuna na kinyume chake: pikipiki iliyokuwa ikigota chini kwenye kila shimo, ikikazwa kidogo, huacha kugota, na mwenyewe husifu ugumu mpya. Alichopata ni nafasi.

Basi kimo chenyewe kinafanya nini kwenye kona? Fuata kwa jicho mhimili wa usukani, ule unaoinama kutoka kwenye vishikio kwenda mbele, na uuendeleze hadi ardhini. Utagusa lami mbele kidogo ya pale tairi la mbele linapoikanyaga. Umbali kati ya alama hizo mbili tuuite mburuto, kwa sababu tairi linaburutwa nyuma ya mhimili kama gurudumu dogo la toroli linavyoburutwa nyuma ya msumari wake, na kwa sababu hiyohiyo hujinyoosha lenyewe. Mburuto ukiwa mrefu pikipiki hung'ang'ania njia iliyonyooka. Ukiwa mfupi hugeuka upesi, na ukizidi kuwa mfupi usukani huanza kupapatika. Pikipiki ya resi yenye mhimili ulioinama nyuzi 24 ina mburuto wa kama milimita 100. Pandisha mkia wake milimita 10 tu, umbali kati ya magurudumu ukiwa milimita 1,400. Pembe itapungua kwa nyuzi 0.4 hivi, na mburuto utapungua kwa milimita 2 hadi 3. Tarakimu hizo zinaonekana kama za kupuuzwa, lakini dereva mzoefu huzihisi kwenye kona ya kwanza. Usukani unakuwa mwepesi na pua inaingia ndani mapema. Upandishaji huohuo pia unauongezea mteremko ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, na hilo lina matokeo ambayo wengi hawayatarajii: mnyororo unapovutwa na injini, mvuto wake husaidia kuuzuia mkia usizame. Kwa hiyo pikipiki inayokataa kufuata kona dereva anapofungua mafuta, ikizidi kwenda upande wa nje, mara nyingi haihitaji springi nyingine. Inahitaji mkia uliopanda milimita chache.

Na mafundi makini wa resi hawaupandishi kwa nati. Shokapu nyingi za kiwango hicho zina sehemu ya juu au ya chini inayorefushwa kwa skrubu au kwa kipande chembamba cha chuma, hivyo pikipiki inapanda huku mzamo ukibaki palepale. Nati inatumika kupata mzamo unaofaa uzito wa dereva. Urefu wa shokapu unatumika kupata pembe. Mbele, kazi hiyohiyo inafanywa kwa kulegeza vibanio vilivyo chini ya usukani na kuzitelezesha shokapu za mbele juu au chini ndani yake.

Sasa ile hoja ya kwamba chini ndiko kwenye utulivu. Imetoka kwenye magari, na kwa gari ina mantiki, kwa sababu gari halilali kwenye kona. Pikipiki hulala, na ikilala ikiwa chini sana, vikanyagio na bomba la moshi vinasaga lami kabla tairi halijamaliza uwezo wake. Zaidi ya hapo, tairi pana linapolala hukanyaga kwa ubavu, kwa hiyo pikipiki hulazimika kulala zaidi ya hesabu ya kasi na kona inavyodai. Kadiri uzito ulivyo chini, ndivyo nyongeza hiyo inavyokuwa kubwa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni vile vifaa vinavyopigwa marufuku. Ducati walianza mwaka 2018 na kifaa cha kuishusha pikipiki kwenye mstari wa kuanzia, kisha kikaja cha kushusha mkia wakati wa kutoka kwenye kona. Dereva anabonyeza, mkia unazama, uzito unashuka, na gurudumu la mbele linachelewa kunyanyuka, hivyo injini inaweza kusukuma kwa nguvu zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: ikiwa uzito uko milimita 700 mbele ya mguso wa gurudumu la nyuma na milimita 650 juu ya ardhi, gurudumu la mbele linanyanyuka msukumo unapozidi mvuto wa dunia mara 1.08; ukiushusha uzito hadi milimita 600, kikomo kinapanda hadi 1.17. Lakini tazama kinachofuata. Kabla ya kona inayofuata, dereva anaposhika breki, pikipiki inarudi juu. Mashine hizo za gharama kubwa hushushwa kwa ajili ya kunyooka na hupandishwa kwa ajili ya kupinda, mzunguko baada ya mzunguko. Kama chini kungefaa kila mahali, zingebaki chini. Kifaa cha kushusha sehemu ya mbele pikipiki ikiwa kwenye mwendo kilizuiwa tangu 2023, na cha nyuma kinaondoka 2027 kwa kuwa kasi imekuwa kubwa mno kwa viwanja vilivyopo.

Wapo watakaosema haya ni ya matajiri wa resi. Hapana. Springi za pikipiki iliyowekwa sawasawa huachia mwili wa mashine upande na kushuka kama mara 2 kwa sekunde. Uti wa mgongo wa mtu aliyekaa hutikisika vibaya zaidi kwa mitetemo ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya ISO 2631 huipa mitetemo hiyo uzito mkubwa inapopima madhara kwa aliyekaa. Shokapu ikikazwa hadi mwisho, au ikiwa imekwama, kinachobaki kuwa springi ni tairi lenyewe, na pikipiki inayorukia tairi hutikisika kwa kasi inayokaribia eneo hilohilo. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 yanamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo unaomfikia mfanyakazi ukizidi wastani wa mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde kwa siku ya saa 8. Dereva wa bodaboda anakaa juu ya kiti saa nyingi kuliko hizo, na ushauri anaopewa ni mkanda wa kiuno na dawa ya kuchua. Anayemuuzia mkanda na kuiacha shokapu imevuja mafuta anamwibia mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa wanaochomelea vyuma ili kurefusha shokapu, wanaomimina oili ya injini kwenye shokapu za mbele ili «ziwe nzito», na wanaoeneza video za kufundisha kupandisha mkia sentimita 5. Kwa hesabu ya hapo juu, sentimita 5 zinapunguza pembe nyuzi 2. Usukani wa pikipiki hiyo utapapatika kwenye lami mbovu, na taa ya mbele itamulika karibu mno.

Cha kufanya ni kifupi. Pima kwa tepu kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi alama iliyo juu yake: kwanza gurudumu likiwa linaning'inia, kisha pikipiki ikisimama yenyewe, kisha dereva akiwa juu na mavazi yake yote. Kwa resi, tofauti ya kwanza na ya tatu iwe milimita 30 hadi 40, na ya kwanza na ya pili iwe 5 hadi 10. Ukishindwa kuzipata zote mbili kwa pamoja, hapo ndipo springi yenyewe haikufai. Badili kimo milimita 2 au 3 kwa mara moja, andika, jaribu. Ukishusha mbele, hakikisha tairi haligusi rejeta shokapu zikiwa zimezama kabisa. Na kwenye pikipiki ya biashara, ile pete yenye ngazi iliyo kwenye shokapu za nyuma imewekwa kwa ajili ya abiria na mizigo: ipandishe ngazi mbili wakipanda watu, ishushe ukirudi peke yako.