Makusudi ya Sala

Watu wengi hudhani ya kuwa kusali ni kumwomba Mungu vitu tu. Mkulima huomba mvua, mgonjwa huomba afya, na mchimbaji wa Geita huomba aione dhahabu. Kuomba hivyo si vibaya, maana Mungu ni Baba, na mtoto haoni haya kumwomba baba yake. Lakini mtoto amjiaye baba yake siku ya haja tu, na siku nyingine hata hamwamkii, je, tutasema ampenda?

Kanisa lafundisha ya kuwa makusudi ya sala ni manne. La kwanza, kumwabudu Mungu aliyetuumba. La pili, kumshukuru kwa mema aliyotutendea. La tatu, kumwomba radhi kwa ajili ya dhambi. La nne, kumwomba tunayohitaji sisi na wenzetu.

Kusudi la tatu ni gumu kulielewa. Basi sikieni habari ya Geita. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2023, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mtu mmoja aliingia kwa nguvu katika kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Geita, akaharibu vitu vitakatifu. Askofu Flavian Kassala akalifunga kanisa, akawaita waamini wafanye sala za malipizi, yaani sala za kumwomba Mungu radhi kwa ajili ya kosa lililotendwa. Likakaa limefungwa siku 20, hata tarehe 18 Machi likafunguliwa tena kwa ibada.

Labda mtauliza, "Kwa nini waombe radhi watu wasiokosa? Sala yaweza kuunga kitu kilichovunjika?" La, kuunga ni kazi ya fundi, na kuhukumu ni kazi ya hakimu. Lakini liko jambo moja wasiloliweza fundi wala hakimu, nalo ni kuutuliza moyo wa mtu aliyekosewa. Moyo huo hujaa hasira, na hasira huzaa kisasi. Bali mtu asaliye kwa ajili ya kosa la mwenziwe hukumbuka na makosa yake mwenyewe, akaona ya kuwa yeye naye ahitaji msamaha. Ndiyo sababu Bwana Yesu alituagiza kuwaombea hata wanaotuudhi.

Tena angalieni: mlango wa kanisa ulifungwa, lakini sala haikufungwa. Mungu husikia popote moyo umwitapo.

Wachimbaji wajua ya kuwa dhahabu ya mwambani haipatikani kwa pigo moja. Jiwe hupondwa, likasagwa, likaoshwa, ndipo chembe zionekanapo. Na moyo wa mtu ndivyo ulivyo: hausafiki kwa sala ya siku moja, ila kwa sala ya kila siku, asubuhi na jioni.

Basi leo, kabla ya kulala, kila mmoja wenu asianze kwa kuomba kitu. Na amtaje kwanza mbele ya Mungu mwenziwe aliyemkosea.