Sikukuu haimsubiri mwenye mzigo

Kwa mfanyabiashara wa Buguruni, sikukuu haianzi siku ya pilau. Inaanza wiki kadhaa nyuma, siku anapotoa fedha kununua vifaranga au mchele. Akikosea hesabu ya siku, mzigo unamdodea na mtaji unakatika.

Wafanyabiashara wa Ufaransa nao wana hesabu hiyo. Kila Mei Mosi Wafaransa hupeana maua madogo meupe yaitwayo muguet, kwa kutakiana heri. Siku hiyo hata asiye na duka huachiwa kuyauza barabarani. Wakulima wa eneo la Nantes, yanakotoka kwa wingi, huhangaika ili yachanue siku zile zile. Ikifika Mei 2, yaliyobaki hayana mnunuzi.

Keki ya Wafalme, galette des rois, ni biashara tofauti. Sikukuu yake ni Januari 6, lakini waoka mikate huiuza karibu mwezi mzima. Aliyekosa wiki ya kwanza hufidia ya pili.

Afadhali yao, maana tarehe hizo mbili hazihami. Buguruni, kwenye makutano ya barabara za Uhuru na Mandela, muuzaji hufuata kalenda mbili. Krismasi ni Desemba 25 daima. Idd el Fitr hufuata mwezi, hivyo kila mwaka huwahi kwa siku 10 au 11. Mwaka 2000 ilisherehekewa mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena siku chache baada ya Krismasi. Hali hiyo inatarajiwa kujirudia mwaka 2033.

Kuku wa nyama huchukua wiki 5 hivi kufikia sokoni. Mfugaji anayeingiza vifaranga kwa kukumbuka tarehe ya Idd iliyopita atakuwa amechelewa siku 10. Na kuku aliyebaki baada ya sikukuu hutaka chakula kila siku, wakati wateja wamekwisha kutumia fedha zao.

Kwa maneno mengine, kuku ni kama muguet, mchele ni kama galette: ukibaki, unahifadhika hadi wiki ijayo. Mwenye mtaji mdogo asiweke fedha zote kwenye kuku. Ahesabu siku kuanzia sikukuu kurudi nyuma, na atenge chakula cha siku moja zaidi, endapo mwezi hautaandama.