Kompyuta ya zamani katika ofisi ya kamati: tuendelee nayo au tuiache?

Katika mazungumzo yetu na kamati za wahami na viongozi wa mitaa, katika komini ya Kimemi hapa Butembo na vilevile upande wa Beni, kuna swali linalorudi kila mara. Kamati imepewa kompyuta, mara nyingi ya mtumba iliyokwisha kupita mikono mitatu au minne. Inawaka, inaandika barua, inachapa. Siku moja kijana wa sekretariati anaitazama na kusema: «Hii ni Windows 7, imekwisha kufa.» Mkuu wa kamati anashangaa. Imekufa namna gani, nayo asubuhi hii imeandika ripoti?

Wote wawili wana haki. Ndani ya kila kompyuta kuna programu kubwa inayoamka kwanza na kuziendesha programu nyingine zote; ndiyo tunayoiita mfumo wa uendeshaji. Hakuna mfumo uliotengenezwa bila matundu. Kila mwezi wataalamu hugundua tundu jipya ambalo mwizi anaweza kupitia, na kampuni iliyoutengeneza mfumo hutuma kiraka cha kuliziba. Baada ya miaka fulani kampuni huacha kutuma viraka. Kwa Windows XP ilikuwa tarehe 8 Aprili 2014, kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa waliojiandikisha waliongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Ni kama nyumba ambayo fundi wake amehama mji: bado mnalala ndani yake, lakini tundu litakalotokea leo hakuna atakayekuja kuliziba, na wezi wanajua.

Kutambua mfumo mlio nao si kazi. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika winver, kisha Enter. Jina litatokea.

Kwa nini jambo hili liwahusu watu waliokimbia vita, ambao mahangaiko yao ni chakula, makazi na shule ya watoto? Kwa sababu ya orodha. Hapa Butembo wahami wengi hawaishi kambini bali katika familia zilizowapokea. Bila orodha hakuna jetoni, na bila jetoni hakuna msaada. Orodha hiyo ina jina la baba au mama wa familia, idadi ya watoto, kijiji walikotoka, mtaa wanakolala na namba ya simu. Kamati nyingine zinaandika zaidi: nani alimwona nani akichoma nyumba, shamba lipi linagombaniwa na nani. Katika eneo la Beni, ambako watu wamekuwa wakiuawa vijijini tangu Oktoba 2014, karatasi ya namna hiyo ikiangukia mikono mibaya inaweza kuonyesha mlango wa mtu.

Na hata ikipotea tu bila kuibwa, kuna vita vingine vidogo. Familia yenye jetoni inafika siku ya mgawo na jina halipo. Mkuu wa kamati anasema virusi vilikula faili. Nani atamwamini? Watasema amekula yeye. Mwenyeji aliyewapokea wahami miezi sita bila kupata kitu anasema ndugu za mkuu tu ndio waliobaki katika orodha. Kwa maoni yetu, amani ya mtaa huvunjwa mara nyingi zaidi na faili iliyopotea kuliko na faili iliyoibwa.

Msidhani haya huwapata wadogo tu. Mnamo Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ile ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la CICR, ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta walikuwa wameingia katika habari za watu zaidi ya 515,000 duniani. Walikuwa watu waliotenganishwa na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa, watu waliopotea na jamaa zao, na wafungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama visivyopungua 60 vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Kazi ya kuwaunganisha watoto na wazazi wao ilivurugika, kwani ilibidi mitambo hiyo izimwe. CICR yenyewe ilieleza kwamba wezi walipitia tundu moja ambalo kiraka chake hakikuwa kimewekwa. Mitambo yenyewe haikuwa ya kizamani.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji atue kidogo. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai dola 300 kwa kila moja ili zifunguliwe. Hospitali za Uingereza zililazimika kurudisha wagonjwa. Wengi walisema kosa lilikuwa la Windows XP iliyozeeka. Lakini sehemu kubwa ya kompyuta zilizopigwa zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado hai, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Wenye kompyuta hawakukiweka.

Kwetu sababu ya kutoweka viraka inajulikana. Intaneti inanunuliwa kwa megabaiti, na kiraka kimoja kinaweza kumaliza fedha ya wiki nzima. Umeme nao unakatika katikati ya kazi. Tena Windows nyingi zinazowekwa mtaani ni za kuvunja, na fundi huzima viraka makusudi ili kompyuta isije ikadai malipo. Kwa hiyo kamati inaweza kuuza mbuzi wawili, ikanunua kompyuta inayoitwa mpya, na usalama wake ukawa uleule wa ile ya zamani. Tusiulize tu umri wa mashine. Tuulize vitu gani vimo ndani yake, na vitu gani vinaingia na kutoka.

Kinachoingia zaidi kwetu ni flashi. Viongozi wengi hutuambia: «Yetu haina intaneti, basi haina hatari.» Si kweli. Flashi iliyopita sekretariati tatu kwa siku moja imebeba kila kitu kilichokuwa huko. Mfano mnaoufahamu: mnafungua flashi na folda zote zimegeuka kuwa alama zenye mshale mdogo. Hapo watu hulia kwamba kazi imepotea, na fundi mwenye haraka anaifomati. Msikubali ifomatiwe! Mara nyingi faili bado zimo, zimefichwa tu. Fundi mwenye subira anaweza kuzifichua, na kompyuta yenye Linux kwa kawaida huzionyesha bila taabu. Nakilini barua na majedwali yenu peke yake, msiguse alama zile zenye mshale, ndipo flashi isafishwe.

Basi tuiache kompyuta ya zamani? Sisi hatusemi hivyo. Ikiwa kazi yake ni kuandika barua kwa mkuu wa kartie, mialiko ya mikutano na tangazo la msalani, iacheni ifanye kazi yake, bila intaneti, na flashi moja isiyotoka ofisini ila kwenda kuchapa. Lakini orodha za watu na ushahidi wao visikae katika mashine isiyopata viraka. Hapo hatuna mashaka.

Kuna njia ya katikati ambayo haihitaji kununua mashine. Windows 11 mara nyingi itakataa kuingia katika kompyuta za zamani, kwa kuwa inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazina. Lakini ipo mifumo ya Linux, ambayo ni ya bure kwa halali na inaendelea kupata viraka. Linux Mint inaridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali. Nyingine ni Ubuntu, iliyoanzishwa na mtu wa Afrika Kusini mwaka 2004. Jina lake ni utu, na anayesema Kinande atasikia ndani yake omundu. Zote zinatumika kwa Kifaransa, na programu ya LibreOffice inafungua barua na majedwali yaliyoandikwa kwa Word na Excel, ingawa mara nyingine mistari inasogea kidogo. Mnapakua mara moja tu, kama gigabaiti 3 kwa Linux Mint, na flashi ileile inaweza kutumika kwa kamati kumi. Wakati wa kuweka Linux Mint, mwambieni fundi achague kuifunga diski yote kwa neno la siri. Mwizi akibeba kompyuta, atakuwa amebeba chuma tu.

Ugumu upo. Mwandishi wa kamati aliyezoea Windows atanung'unika wiki mbili za kwanza, na mashine ya kuchapa nyingine zitakataa kusikia. Jaribuni kwanza kwa flashi bila kufuta kitu. Linux inaweza kuamka kutoka kwenye flashi na kuwaonyesha kama mashine yenu inaipokea.

Lolote mtakaloamua, orodha iwe na nakala mbili, na ya pili ishikwe na mtu mwingine, kwa mfano mama anayewakilisha wanawake wahami, si katika nyumba moja na kompyuta. Nakala ya karatasi yenye saini za wahami na za wenyeji ibaki katika sanduku lenye kufuli. Siku majina yakigombaniwa, ndiyo itakayofunguliwa mbele ya wote. Na msipige picha daftari na kuirusha katika kundi la WhatsApp. Tumeona makundi yenye watu 200 ambao hata nusu hawajulikani na mkuu wake.

Mwisho, kompyuta ikifa kweli au mkiiuza, faili zilizofutwa zinaweza kurudishwa na fundi yeyote mwenye programu ndogo. Mwambieni atoe ile diski ngumu mbele yenu, vijiti vinne tu vya bisibisi. Kompyuta iende sokoni; diski mrudi nayo nyumbani, au ivunjwe kwa nyundo.