Kakai au waliomfuata? Ubishi wa wapenzi wa benga haujazimika

KWA wapenzi wa benga wa umri fulani huko Ekalakala, Kaunti ya Machakos, Kilimambogo ni jina la bendi kwanza, kisha ndipo la mlima ulio upande wa Thika.

Les Kilimambogo Brothers iliongozwa na Kakai Kilonzo, aliyeanza kuimba kwa Kikamba kabla ya kugeukia Kiswahili, na nyimbo kama Mama Sofi zikavuka mipaka ya Ukambani. Alifariki mwaka 1987 akingali kijana. Tangu hapo mashabiki hubishana: je, waimbaji waliokuja baadaye ni warithi au ni waigaji tu?

Ni rahisi kudai kwamba wazee wanaulilia ujana wao. Hata hivyo, mabadiliko ya mwimbaji hayaui kila bendi.

Mwaka 1978, mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani na mpiga besi Tom Malanga waliihama Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga jijini Nairobi, wakaunda Les Wanyika. Wimbo wao Sina Makosa ulipovuma, waimbaji walikuwa wengine, lakini mdundo ulikuwa ule ambao masikio yalikwisha kuuzoea. Mashabiki hawakuhisi wametupwa.

Hata katika roki nzito ya Uingereza hali ni hiyo. Black Sabbath ilimfukuza Ozzy Osbourne mwaka 1979, akaja Ronnie James Dio. Wafuasi waligawanyika, na hata kifo cha Ozzy mnamo Julai 2025 hakikuumaliza ubishi. Lakini bendi iliendelea, kwa kuwa gitaa la Tony Iommi halikuondoka.

Benga ya Ukambani haina kinga hiyo. Kiongozi huwa ndiye mtunzi na mwimbaji, mara nyingi hushika gitaa pia, na jina lake hutangulia la bendi kwenye sahani ya santuri. Akiondoka, wapigaji wenzake hubaki na jina tu, pamoja na nyimbo ambazo kila msikilizaji anazijua kwa sauti ya marehemu.

Ndiyo maana hukumu ya mashabiki, ingawa inaeleweka, huwaonea wanamuziki hao. Besi na ngoma zilizomchezesha shabiki enzi za Kakai hazikupigwa na Kakai.