Zamiokulkasi: Mmea wa Misitu ya Pwani Ulioingia Sebuleni

Zamiokulkasi ni mmea wa asili ya upande wa mashariki wa Afrika. Eneo lake linaanzia Kenya, linapita Tanzania Bara na Zanzibar, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Jina lake la kisayansi ni Zamioculcas zamiifolia, na wauza maua wengi wanaujua kwa herufi mbili tu, ZZ. Nje ya Afrika hunadiwa pia kwa jina la Kito cha Zanzibar. Porini huota kwenye misitu mikavu, kwenye nyika na penye mawe chini ya vilima, mara nyingi katika kivuli chepesi cha miti mirefu. Huko mvua huja kwa msimu, na ikishapita ardhi inaweza kukaa kavu kwa miezi. Karibu kila kiungo cha mmea huu kimeumbwa kwa ajili ya miezi hiyo.

Kile ambacho watu hudhani ni shina lenye majani mengi kwa kweli ni jani moja. Katikati ya jani hilo kuna kikonyo kinene, kilichovimba pale kinapotoka udongoni na kuwa chembamba kadiri kinavyopanda. Pande zake mbili kuna majani madogo, kwa kawaida jozi 6 hadi 8, mazito na yenye nta inayong'aa kiasi kwamba wageni wengine huyagusa kuhakikisha kama si ya plastiki. Jani zima hufikia urefu wa sentimeta 40 hadi 60. Jani changa huchomoza likiwa limejikunja, kijani cha kung'aa, kisha hufunguka polepole na kukolea rangi. Shina lenyewe limejificha chini: ni tunguu nene la rangi ya hudhurungi, linalofanana na kiazi, na hapo ndipo ilipo ghala kuu ya maji na chakula. Lakini ghala si hilo tu. Asilimia 91 hivi ya uzito wa jani ni maji, na kwenye kikonyo maji hufikia asilimia 95.

Ukame ukizidi, mmea huanza kupunguza mzigo. Majani madogo hudondoka moja baada ya jingine, vikonyo hubaki wazi, na mwisho navyo hukauka. Mtu asiyeujua angeutupa. Chini ya udongo, hata hivyo, tunguu huwa bado zima, likisubiri mvua ili litoe majani mapya. Hata yale majani yaliyodondoka hayajapotea bure: likiangukia mahali penye unyevu kidogo, jani moja linaweza kuota mizizi na kutengeneza tunguu lake.

Kuna pia ujanja mwingine usioonekana kwa macho. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuingiza hewa ukaa, ambayo hutumika kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Kasoro ni kwamba kitundu kinachoingiza hewa hutoa pia mvuke wa maji, na katika jua la kiangazi hasara hiyo ni kubwa. Mkonge na nanasi zimelitatua tatizo hilo kwa kufungua vitundu usiku, kukiwa na ubaridi, na kuihifadhi hewa ukaa kama asidi hadi kukipambazuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba zamiokulkasi nayo hufanya hivyo, kwa kiwango cha chini kuliko mkonge, na maji yakipungua njia hiyo huupa mmea msaada mkubwa zaidi. Ndiyo sababu unaweza kukaa kama miezi minne bila kumwagiliwa, mahali penye mwanga hafifu, na usife.

Jambo hilo linashangaza zaidi ukizingatia ukoo wake. Zamiokulkasi ni ndugu wa magimbi, na ndugu zake wengi hupenda mabonde na kingo za maji. Undugu huo hujitokeza kwenye ua: kijiti kifupi cha urefu wa sentimeta 5 hadi 7, cha rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi, kilichokumbatiwa na jani moja na kujificha chini kabisa kati ya vikonyo. Wenye mmea huu wengi hawajawahi kuliona, na hawajakosa kitu.

Undugu huo ndio pia asili ya sumu yake. Aliyewahi kumenya magimbi mabichi anajua mikono inavyowasha. Kinachowasha ni fuwele ndogo za kalsiamu oksaleti, nazo zimo kwenye zamiokulkasi. Mtoto au paka akitafuna jani atawashwa mdomo na koo, na huenda akatapika. Yafaa basi chungu kiwekwe mahali wasipofika, na anayeukata anawe mikono baadaye. Zaidi ya hapo, uvumi umeenea mtandaoni kwamba mmea huu huleta saratani kwa kuugusa tu au kuuweka chumbani. Uvumi huo hauna msingi wowote.

Wataalamu wa Ulaya waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1829, pale familia ya Loddiges, iliyokuwa na bustani kubwa ya mimea huko Hackney, London, ilipouchapisha katika kitabu chake. Mwaka 1856 Heinrich Schott aliuhamishia katika jenasi ya Zamioculcas, na jina linalotumika leo lilitolewa na Adolf Engler wa Berlin mwaka 1905, wakati Tanganyika ikiwa koloni la Wajerumani. Baada ya hapo ulibaki kwenye bustani za wataalamu kwa miongo mingi. Biashara yake kubwa ilianza mwaka 1996 hivi, vitalu vya Uholanzi vilipoanza kuuzalisha kwa wingi, na kutoka hapo ukaenea kwenye ofisi, benki na kumbi za hoteli duniani kote.

Nyumbani, maji mengi ndiyo yanayouua. Unahitaji udongo unaopitisha maji upesi, uliochanganywa na mchanga wa chengachenga, na chungu chenye tundu chini. Vile vyungu vya urembo visivyo na tundu ni jeneza lake. Kidole kikizamishwa udongoni hadi kiungo cha pili na kutoka kikavu, hapo ndipo umwagiliwe, na ndani ya nyumba hiyo huwa kila baada ya wiki mbili au tatu, au zaidi kukiwa na baridi. Majani yakigeuka njano na vikonyo kulegea chini, tunguu limeanza kuoza. Linafaa kufukuliwa, sehemu laini zikatwe, lianikwe kivulini siku moja au mbili, kisha lipandwe kwenye udongo mkavu mpya. Mwanga wa dirishani unautosha, ila jua kali la mchana huunguza majani. Baridi ya chini ya nyuzi 15 haiufai. Mara chache vidung'ata weupe hujificha kwenye makutano ya majani, nao huondolewa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Chungu cha plastiki kikianza kutuna ubavuni, matunguu yamejaa na mmea unataka kuhamishwa.

Njia ya haraka ya kuuzidisha ni kuugawa wakati huo wa kuhamisha, kila fungu likibaki na tunguu lake. Njia ya pili ni ya wavumilivu. Jani dogo huchumwa zima, huachwa siku moja jeraha likauke, kisha huchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Kwa wiki kadhaa hakuna kinachoonekana juu. Ukilichomoa taratibu utakuta kitako chake kimevimba na kuotesha mizizi myeupe. Hilo ndilo tunguu jipya. Jani la kwanza kutoka udongoni linaweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine hata mwaka.

Siku hizi kuna pia aina fupi za kuweka mezani, na aina iliyotokea Korea Kusini ambayo majani yake huzaliwa kijani kisha hugeuka zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Matunzo ni yale yale.

Wauzaji hupenda kusema kwamba ZZ husafisha hewa. Ni kweli kwamba katika maabara umeonekana kufyonza mvuke wa kemikali kama benzini na tolueni, lakini majaribio hayo hufanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mapitio ya tafiti za namna hiyo, yaliyochapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2019, yalikadiria kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu ili kufikia kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka kwenye jengo. Kwa sebule yenye chungu kimoja pembeni, hewa itasafishwa na dirisha.