Santuri Zikumbushazo Ujana

Ipigwapo santuri ya kale ya Equator Sound Band, wazee wengi wa Kenya hunyamaza kwanza, ndipo waseme. Makao ya bendi hiyo yalikuwa Nairobi katika miaka ya 1960. Walikuwamo Fadhili William na Daudi Kabaka, pamoja na Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi, wenyeji wa nchi iitwayo leo Zambia.

Wimbo wa "Malaika", ambao Fadhili aliutia katika santuri, humkumbusha mzee siku alizopenda naye hana mahari. "Helule Helule" wa Kabaka humrudisha kwenye dansi ya twisti, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara ungali mfukoni. Wimbo huo ulivuka bahari hata Uingereza, ambako The Tremeloes waliuimba mwaka 1968.

Fadhili na Kabaka walifariki wote wawili mwaka 2001, lakini sauti zao zingalipo. Hata hivyo, santuri haiwezi kusimulia babu alicheza na nani usiku ule, wala mahari ilipatikanaje. Hayo yamo kifuani mwake. Basi kijana na amwulize mapema, babu angali yupo wa kujibu.